Bhuj na jangwa la chumvi: majibu kwa wasomaji wa Tanga na Bagamoyo

Barua nyingi za msimu huu zinauliza kuhusu Bhuj, mji mkuu wa wilaya ya Kutch katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Si ajabu. Maduka mengi ya zamani ya Tanga yalifunguliwa na watu waliotoka Kutch, na majahazi ya Mandvi, bandari yao, yalikuwa yakishuka pwani yetu na upepo wa kaskazi. Kusini mwa Bhuj kuna bahari. Kaskazini kuna Rann, uwanda wa chumvi unaofika hadi mpaka wa Pakistani, na kandokando yake vipo vijiji vya wachapa vitambaa, wafumaji, wahunzi wa kengele na wapiga filimbi. Tumechagua barua zenye maswali yanayowahusu wengi.

Shikamooni wahariri. Shule zikifungwa Juni nataka kwenda Kutch kuona jangwa jeupe nililoliona kwenye picha. Je, msimu huo unafaa? (Mwalimu, Makorora, Tanga)

Marahaba mwalimu, lakini Juni iache. Aprili hadi Juni joto hupita nyuzi 40, na mwishoni mwa Juni mvua zao zinaanza. Mvua zikishika, Rann inafunikwa na maji hadi kwenye Oktoba. Weupe ule wa kwenye picha ni ganda la chumvi linalobaki maji yakishakauka, na linakuwa imara Desemba. Anayefika mapema Novemba mara nyingi hukuta tope la kijivu na ganda jembamba linalovunjika chini ya mguu, na gari likitoka nje ya barabara linazama hadi ekseli.

Likizo yako ndefu ya Desemba ndiyo inayofaa. Huku kaskazi inavuma na watu wanatafuta feni, kule usiku baridi hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na kwenye uwanda wazi upepo huiongeza. Chukua sweta, soksi na kitu cha kufunika masikio. Mchana beba miwani ya jua, kwa sababu chumvi inarudisha mwanga machoni vilevile kama bahari saa sita.

Angalia pia kalenda ya mwezi. Siku za mbalamwezi mpevu watu hufurika na bei za vyumba hupanda. Serikali ya Gujarat huweka mji wa mahema huko Dhordo kwa tamasha la Rann Utsav, lakini sisi hatushauri mtu wa mfuko wa kawaida alale humo. Lala Bhuj, au katika nyumba za udongo za msonge kule Hodka, kijiji kilicho njiani kwenda Rann. Nyumba hizo huitwa bhunga, na nyingi zilibaki zimesimama katika tetemeko la 26 Januari 2001 lililoangusha majengo mengi ya mjini.

Naomba mnielekeze njia, kuanzia viza hadi kufika. Sijawahi kupanda treni ya India. (Kijana wa Ngamiani)

Mtanzania anaomba viza ya India kwa mtandao. Tovuti ya serikali anwani yake inaishia na gov.in. Zipo nyingine zinazofanana nayo kabisa, nazo ni za madalali wanaotoza ada juu ya ada. Pasi iwe na uhai wa miezi 6 na zaidi. Omba angalau siku 4 kabla ya kuondoka, na ukiweza wiki 2, kwa sababu maombi mengi hurudishwa kwa kosa dogo: picha isiyo ya mraba, ukuta wa nyuma usio mweupe, au jina lililoandikwa tofauti na la kwenye pasi. Viza ya utalii si ya kununulia mali ya duka. Hiyo ina viza yake ya biashara, na inaombwa hapohapo.

Kadi ya njano usiiache, hasa ukiunganisha ndege Nairobi au Addis Ababa. Anayetoka au kupita katika nchi zilizo kwenye orodha ya homa ya manjano bila cheti anaweza kuzuiwa karantini hadi siku 6. Chanjo inahesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ya siku ya mwisho haikusaidii.

Shukia Mumbai au Ahmedabad. Kutoka Mumbai zipo ndege za kwenda Bhuj, lakini treni ya usiku ni nafuu zaidi. Mbili zinazojulikana ni Kutch Express na Sayajinagari Express: unaondoka mchana au jioni, unafika asubuhi. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla na msimu wa Desemba huisha haraka. Daraja linalomfaa mgeni ni 3A, lenye kiyoyozi na vitanda vitatu vitatu, na shuka unapewa.

Soma vizuri herufi zilizo kwenye tiketi. CNF maana yake kitanda ni chako. RAC utapanda, lakini unaweza kukaa nusu kiti na mwenzako hadi kitanda kipatikane. WL uko kwenye foleni, na tiketi ya mtandao iliyobaki WL baada ya orodha ya abiria kupangwa hufutwa yenyewe. Ukipanda nayo unahesabiwa huna tiketi. Kadi za benki za nje mara nyingi hukataliwa kwenye mtandao wao wa reli. Ikikukuta hiyo, nenda kwenye dirisha la watalii wa kigeni katika stesheni ya Churchgate au CSMT hapo Mumbai, na pasi mkononi.

Halafu saa. Kule wametutangulia kwa saa 2 na nusu, na ratiba yao ni ya saa 24. Treni ya 17:45 ni ya saa 11:45 jioni. Wapo Waswahili waliofika stesheni treni imeshaondoka kwa hesabu hiyo tu.

Nina siku sita tu. Nizipangeje, na kweli kuna kibali? (Msomaji, Raskazone)

Kibali kipo, kwa vijiji vya Banni, nyika ya malisho inayopakana na Rann, na kwa Rann yenyewe, kwa sababu ya ukaribu wa mpaka. Hutolewa njiani kwenye kizuizi cha Bhirandiyara, kilomita hamsini na kitu kaskazini mwa Bhuj. Beba pasi yenyewe, nakala mbili za pasi na mbili za viza. Nakala zikikosekana utarudi nyuma kutafuta mashine ya fotokopi, na asubuhi imekwisha. Droni usiifunge hata kwenye begi: mgeni haruhusiwi kuiingiza India, na karibu na mpaka hutasikilizwa.

Siku ya kwanza pumzika Bhuj: Aina Mahal, jumba la vioo la watawala wa zamani, na Makumbusho ya Kutch yaliyoanzishwa 1877. Ya pili bajaji inatosha (huko ndiko zilikotoka): Bhujodi kwa wafumaji, kilomita 8 hivi, kisha Ajrakhpur kwa wachapaji, na hapohapo makumbusho ya ushonaji ya LLDC. Anza na LLDC. Ukishaona jinsi ushonaji wa Warabari unavyotofautiana na wa Waahir au wa Wasodha, jamii tatu za huko, dukani hudanganyiki kirahisi. Ya tatu kodi gari hadi Nirona, kijiji cha wahunzi wa kengele, kama kilomita 40. Ya nne na ya tano ni za Banni na Rann, ukilala Hodka. Ya sita Mandvi, kama kilomita 60 kusini, ambako mtoni bado wanaunda majahazi makubwa ya mbao. Mtu wa Pangani au Bagamoyo atasimama pale kwa saa nzima akitazama mataruma tu.

Kosa la wengi ni kugeuza mpango huo: wanakimbilia Rann siku mbili nzima, wanapiga picha za chumvi, kisha mafundi wanapewa nusu saa ya kurudi. Chumvi inakwisha hamu ndani ya jioni moja. Na ukumbuke kwamba karakana nyingi za Waislamu husimama Ijumaa mchana.

Mimi ni fundi batiki Bagamoyo. Nimesikia ajrakh, kile kitambaa cha Kutch, inachapwa kwa rangi za asili na haichuji. Wanafanyaje, na je, naweza kuijaribu huku? (Fundi, Dunda)

Kaka, siri yake iko kwenye maandalizi kabla rangi haijaguswa. Tukufuatishie hatua, kwa ufupi wake, maana zote hufika 14 au 16.

Pamba mbichi huloekwa kwenye magadi, mafuta ya nyonyo na samadi ya ngamia, ikaanikwa juani, ikarudiwa hadi nyuzi ziwe tayari kunywa rangi. Kisha huchovywa kwenye unga wa tunda kavu liitwalo harda, lenye tanini nyingi, na kitambaa kinatoka na umanjano hafifu. Hapo ndipo bao la kwanza, kipande cha mti wa msaji kilichochongwa muundo, linapopiga: chokaa iliyochanganywa na gundi ya mgunga, ambayo kazi yake ni ile ya nta yako, kuzuia rangi ili mistari ibaki myeupe. Bao la pili hupiga weusi. Chuma chakavu huozeshwa kwenye maji na sukari guru kwa wiki 2 au zaidi, maji yake yakachujwa na kupikwa na unga wa kokwa za ukwaju hadi yawe uji. Uji ukigusa tanini ya harda, mstari unageuka mweusi palepale. Bao la tatu ni shabu, ambayo yenyewe haina rangi bali inashika mahali pa nyekundu. Sehemu hizo hufunikwa kwa bandiko la udongo, shabu na gundi, hunyunyizwa vumbi la mbao au samadi kavu ili lisipakane, ndipo kitambaa kinaingia kwenye nili. Kikitoka, kinaoshwa sana, kisha kinachemshwa kwenye alizarini, rangi ya kutia wekundu. Penye shabu panawaka wekundu, penye chokaa panabaki peupe.

Yanayoharibika ni haya. Harda ikioshwa kabla ya kuchapa, weusi unatoka kijivu. Uji wa chuma ukiwa mkali kupita kiasi, kitambaa huoza kwa kufuata mistari myeusi. Unakiona kizima leo, baada ya mwaka mistari inachanika kama imekatwa kwa wembe. Pipa la nili likiingiwa na hewa, buluu inakaa juu juu na kutoka kwenye vidole. Pipa lililo sawa, ukilifungua, juu lina utando unaong'aa kama shaba, na maji ya chini ni manjano yenye ukijani; kitambaa kinatoka kijani na kugeuka buluu kikipigwa na hewa. Wewe unayetumia haidrosi na kostiki umeshaiona tabia hiyo kwenye rangi zako.

Lakini kabla ya yote hayo, pima maji. Wachapaji wa Kutch walikuwa kijiji cha Dhamadka. Baada ya tetemeko la 2001 maji yao yakazidi madini ya chuma, rangi zikawa zinafifia na kuchafuka, ndipo wengi wakahamia mahali papya wakapaita Ajrakhpur. Huku pwani visima vinatofautiana mtaa kwa mtaa, na kipimo cha nyumbani ni chai. Chemsha maji ya kisima, tia majani mengi bila maziwa wala sukari, acha ipoe. Ikitoka nyekundu ya kawaida, endelea. Ikigeuka ya kijivucheusi, kama imetiwa wino, maji hayo yana chuma na yataua wekundu wako wote. Tumia ya mvua uliyokinga kutoka kwenye bati safi.

Vifaa vingi viko sokoni huku: magadi, chokaa, shabu, ukwaju, gundi ya mgunga. Harda uliza maduka ya dawa za Kihindi. Mabao ndiyo kikwazo. Ajrakh iliyo bora huchapwa pande mbili, kwa hiyo mabao huwa jozi, moja kioo cha mwenzake, na hayo ni afadhali uyanunue kulekule. Anza na muundo mdogo wa bao moja upande mmoja, kwenye kipande cha mita moja. Ukianza na doti nzima utalia.

Nina duka la nguo Chumbageni. Wateja wa harusi wanaulizia bandhani na ajrakh. Nitajuaje ya mkono na ya mashine? (Mama wa duka)

Mama, bandhani ni kitambaa kilichofungwa vifundo vidogo kwa uzi kabla ya kutiwa rangi. Ya kweli huuzwa mara nyingi ikiwa bado na mikunjo, na mwenye duka huivuta mbele yako vifundo vikaachia. Doa halilingani na jirani yake, na katikati lina kitone cha rangi. Ya kuchapwa ni bapa na madoa yote yamepanga mstari kama askari. Kuna wajanja wanaopiga mikunjo ya uongo kwa joto, kwa hiyo usiishie kwenye mikunjo, tazama doa.

Kwa ajrakh fuata muundo kwa kidole hadi kwenye maungio. Bao la mkono haliwezi kukutana sawasawa kila mara. Utakuta mahali mstari umepishana kwa unene wa uzi. Geuza nyuma: kilichochapwa upande mmoja kina mgongo uliopauka. Sugua kwa leso nyeupe yenye maji. Buluu kidogo kutoka si kasoro, nili ndivyo ilivyo. Nyekundu ikitoka nyingi, muulize muuzaji imechemshwa au imepakwa.

Mwambie mteja afue kwa maji baridi na sabuni laini, aanike kivulini, na asiweke limau wala siki penye doa, kwani asidi hula weusi wa chuma. Ukirudi, msamaha wa forodha wa Afrika Mashariki ni wa vitu vyako mwenyewe. Mzigo wa duka utangaze na risiti zake.

Nasomea muziki hapa Bagamoyo na ningependa kurekodi wapigaji wa Kutch. Wanapatikana wapi, na nibebe nini? (Mwanafunzi)

Mdogo wetu, usitafute ukumbi wala tiketi. Muziki wenyewe uko Banni, kwa wafugaji, na hupigwa usiku baada ya sala ya isha watu wakishakula. Mwombe mwenyeji wako wa Hodka mapema, siku mbili kabla, akuitie wapigaji. Malipo yapangwe kabla hawajafungua ala, na ruhusa ya kurekodi isemwe waziwazi mbali na malipo ya kupiga. Ukitaka kuirusha mtandaoni, hilo ni jambo la tatu, nalo liulizwe.

Ala ya kusikiliza kwanza ni jodiya pawa, filimbi mbili zinazopulizwa kwa mdomo mmoja. Moja inashikilia sauti moja tu, ya pili inacheza wimbo, na mpigaji anavuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa, hivyo sauti haikatiki. Anayejua zumari za huku atatambua ufundi huo wa pumzi mara moja. Kuna surando, ya kupigwa kwa upinde, ambayo wapigaji wake ni wachache, na morchang, kichuma kinachoshikwa kwenye meno. Waimbaji wa nyimbo ziitwazo wai huimba mashairi ya Shah Abdul Latif Bhitai, mshairi wa Kisufi wa Sindh, ng'ambo ya mpaka, aliyeishi 1689 hadi 1752, kwa sauti za juu sana zinazopokezana. Hapo kaa kimya. Wale wanaimba kama watu walio kwenye dhikiri, na makofi katikati hayapendezi.

Kinasa sauti kiweke mita 1.5 hadi 2 kutoka kwa mpigaji, kwenye kistendi, kimo cha kifua. Ukikiweka karibu, ile filimbi ya sauti moja inameza wimbo. Nasa kwa 48 kHz na biti 24, na weka kiwango ili kilele kisipite desibeli 12 chini ya sifuri, kwa sababu morchang hulipuka ghafla. Simu nyingi hupandisha na kushusha sauti zenyewe. Usipozima kazi hiyo, kila mpigaji akinyamaza utasikia mbwa wa kijiji kizima wakipanda juu. Soksi ya manyoya kwenye maikrofoni ni lazima, upepo wa Rann hauchezi. Omba jenereta izimwe, na kama haiwezekani, kaa nyuma ya ukuta wa bhunga. Nje kwenye baridi betri hushuka haraka, ziweke mfukoni hadi wakati wa kazi.

Nirona usipite bila kuingia kwa wahunzi wa kengele. Hukata bati la chuma chakavu, hulikunja na kulipachika bila kulehemu, hulipaka udongo na unga wa shaba, hulivika tope lililochanganywa na pamba, kisha moto. Kengele ikitoka ina rangi lakini bado haina sauti yake. Mzee anaishika mkononi, anagonga ukingo kidogo kwa nyundo, anasikiliza, anageuza, anagonga tena upande mwingine, hadi inakaa pale anapotaka. Zimetengenezwa kwa ajili ya mifugo, ili mchungaji ajue kundi lake kwa sikio. Ukinunua seti, ipige yote mfululizo palepale na urekodi, maana ikigongwa kwenye begi ukingo unapinda na sauti inahama. Funga kila moja peke yake kwa nguo na utoe ulimi wa mbao.

Je, nikiwa huko nitawaona Wasidi, wale wenye asili ya Afrika? (Msomaji, Kaole)

Wamo Gujarat, na wana ngoma kubwa wanazozipiga katika ziara za mawalii wao, pamoja na malunga, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu. Vijiji vinavyojulikana zaidi ni Jambur, karibu na msitu wa Gir, na Ratanpur, wilaya ya Bharuch, penye kaburi la Bava Gor. Vyote viko mbali na Kutch, ongeza siku 2 au 3. Nenda kama mgeni wa ziara, uvue viatu, na usianze kwa kuuliza babu wa mtu aliletwa vipi.

Plagi, chakula na bia? (Wenye haraka, Tanga)

Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii. Nunua adapta ya pini za duara. Chakula kwa sehemu kubwa hakina nyama, lakini vijiji vya Banni ni vya Waislamu na nyama hupikwa ukiagiza asubuhi. Barabarani kula dabeli, mkate wenye viazi vya viungo, karanga na komamanga, na uteremshe kwa maziwa mgando yaliyotiwa maji na chumvi. Manyoya ya tausi yanayouzwa vibandani usinunue, sheria yao inakataza kuyatoa nchini. Bia sahau, Gujarat imepiga marufuku pombe, na mgeni anayeitaka lazima achukue kibali kwanza.